Nani Anaichunga Oksijeni?

Mapovu ya mzamiaji wa kawaida hupanda juu na oksijeni ambayo mwili haukuigusa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunayoitoa bado inayo 16 au zaidi. Vifaa vya kuzungusha pumzi huzuia hasara hiyo: pumzi hupitishwa kwenye chokaa ya soda inayonasa hewa ukaa, huongezwa oksijeni, kisha hurudi mapafuni. Wengi wakivilinganisha huuliza kipi hufika chini zaidi. Swali la kutangulia, kwa maoni yangu, ni nani anaichunga oksijeni, na akikosea mzamiaji atajuaje. Kifaa cha oksijeni tupu, kama alichobuni Henry Fleuss wa Uingereza mwaka 1878, kina mpaka mkali: ukipita mita 6 hivi, oksijeni yenyewe huwa sumu na kuleta degedege. Kile kinachozungusha sehemu tu ya pumzi hupitisha mchanganyiko kwenye tundu dogo kwa kiwango kisichobadilika na kumwaga ziada. Ni chepesi kukielewa, lakini mzamiaji akishindana na mkondo mwili hutumia oksijeni nyingi kuliko inayoingia, naye anaweza kuzirai bila dalili yoyote.

Mabishano makali yako kwenye vifaa vinavyozungusha pumzi yote, ambavyo Laurent Ballesta na wenzake walivitumia Sodwana Bay, Afrika Kusini, mwaka 2013 kumpiga picha samaki aitwaye silikanti kwenye kina cha mita 120. Baadhi huendeshwa kwa mkono: mzamiaji husoma kipimo na kubonyeza kitufe cha oksijeni. Vingine huachiwa kompyuta. Wanaoitetea kompyuta husema haisahau wala haichoki, na hilo ni kweli. Lakini kompyuta huamini vihisio vyake, kwa kawaida vitatu, na vihisio huzeeka. Viwili vikichakaa pamoja na kusoma chini, huaminiwa kwa kuwa ndivyo vingi. Kile kizima hupuuzwa, na oksijeni huongezwa kupita kiasi. Anayebonyeza kwa mkono husoma vihisio hivyohivyo, ila anajua ameongeza mara ngapi, kwa hiyo hushtuka mapema. Akisahau kubonyeza, hata hivyo, hana wa kumwokoa. Ndiyo maana naona kilicho bora ni cha kompyuta, kikiwa mikononi mwa mtu anayekitazama kana kwamba kompyuta haipo, na mwenye mtungi wa dharura ubavuni.

Daktari Andrew Fock, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, alihesabu vifo 181 vya wazamiaji wa vifaa hivi kati ya 1998 na 2010, akakadiria kuwa hatari yake ni takriban mara 10 ya uzamiaji wa burudani wa kawaida. Kwa hiyo anayetaka kutazama matumbawe ya mita 15 abaki na mtungi wake wa kawaida, unamtosha.