Malengelenge Machimboni: Nasaba Mbili za Kirusi Kimoja (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi HSV-2, kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, kinavyojificha kwenye neva karibu na uti wa mgongo. Leo tutazame ukoo wake.

Kirusi hiki si kigeugeu kama VVU. Jenomu yake ina herufi zipatazo 155,000. Ukilinganisha kirusi cha Geita, Tanzania, na cha Paris, herufi zinazotofautiana hazifiki moja katika kila mia. Hata hivyo, kwenye uchache huo wataalamu wametambua nasaba mbili. Moja haijatoka Afrika kusini mwa Sahara. Nyingine imeenea duniani kote, Afrika ikiwemo. Ajabu ni kwamba hii ya pili imebeba vipande vya HSV-1, kirusi cha vidonda vya mdomoni. Zamani sana virusi hivyo viwili vilikutana ndani ya seli moja vikachanganya vinasaba.

Je, nasaba ina uzito wowote kwa mhudumu wa baa wa machimboni? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya NIMR, Mwanza, na wenzao wa London walipima wanawake wa baa, gesti na migahawa kwenye machimbo na vituo vya malori vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Takriban wanne kati ya watano walikuwa na HSV-2. Kwa kuwa malengelenge hurahisisha maambukizi ya VVU, wanawake 821 wasio na VVU waligawanywa: baadhi walipewa asiklova, dawa ya malengelenge, miligramu 400 mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2008 yalikatisha tamaa. Walioambukizwa VVU walikuwa 27 kwa wenye dawa, 28 kwa wasio nayo.

Kwa nini dawa haikuzuia? Ni rahisi kumlaumu mwanamke anayehamahama kufuata rashi (mbio za wachimbaji) ya dhahabu kwamba aliruka dozi. Ni rahisi pia kuisingizia nasaba ya Afrika usugu kwa dawa. Lakini asiklova huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Usugu huja hasa jeni ya kimeng'enya hicho ikiharibika, jambo adimu kwa mwenye kinga imara, awe na nasaba ipi.

Mimi nauamini zaidi ushahidi wa ngozi. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba kidonda kikipona, seli za kinga ambazo VVU huzivamia hubaki zimejazana pale kwa wiki nyingi, hata kwa anayemeza asiklova kila siku.

Juma lijalo: chanjo.