Mfungaji wa Buyangu na Dakika 19 za Mombasa

MFUNGAJI wa Mombasa ana raha moja ambayo pengine mwenyewe haijui. Usiku wapo watu wa kumwamsha kula daku, na jioni adhana inatoka misikiti mitano kwa mpigo. Akipitiwa na usingizi, jirani atagonga dirisha. Akitaka kula mchana, hoteli nyingi mtaani zimefungwa, na macho ya watu yanamtosha kumrudisha nyumbani.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Buyangu.

Buyangu iko mwendo wa kama kilomita 20 kaskazini ya mji wa Kakamega, kando ya barabara iendayo Webuye. Hapo ndipo penye lango la upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, hifadhi iliyotangazwa na serikali mwaka 1985. Wageni huja kutazama mbega na kupanda kilima kutazama msitu kutoka juu. Wenyeji wengi ni Wakristo. Katika kaunti hii Uislamu una mizizi zaidi Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipumzika katika karne ya 19, enzi ya ufalme wa Wanga. Mwalimu, askari wa wanyama au mwanafunzi wa Kiislamu anayeishi huku msituni hufunga akiwa peke yake au na nyumba yake tu. Hakuna wa kumwamsha, na akitaka kudokoa hakuna wa kumwona.

Jambo la kwanza linalomjaribu mtu wa namna hiyo ni saa, kabla hata njaa haijafika.

Wengi hufungulia redio adhana ya magharibi kutoka Mombasa. Kosa! Jua hutua Mombasa kwanza. Katika mwezi wa Machi, kwa mfano, Mombasa hufuturu yapata saa kumi na mbili na dakika 34 jioni, na Buyangu jua huwa halijazama hadi karibu saa moja kasoro dakika saba. Hizo ni dakika 19. Hata ukifuata Nairobi bado utatangulia kwa dakika kama nane. Anayetia tende mdomoni kwa adhana ya pwani amekula mchana, na siku hiyo ataidaiwa. Kwa daku mambo ni kinyume: alfajiri ya pwani hutangulia, kwa hiyo anayeifuata huacha kula mapema tu, hana hasara.

Utasema, si atazame jua? Atalionea wapi! Kakamega hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo zake hupenda kuanza baada ya adhuhuri. Saa kumi na mbili jioni wingu limetanda, miti imeziba upande wa magharibi, na giza limeingia kabla ya wakati wake. Tumbo nalo linashuhudia kwamba ni usiku. Hapo ndipo ratiba ya maandishi ya Kakamega na saa ya ukutani iliyosahihishwa zinapokuwa na thamani kuliko sahani ya pilau.

Habari njema ni kwamba Buyangu iko karibu sana na mstari wa Ikweta. Mwaka 2016 Ramadhani ilipoangukia Juni, ndugu zetu wa London walikaa zaidi ya saa 18 bila tone la maji. Hapa saumu ni kama saa 13 na dakika 20, Januari au Julai. Hivyo mtu anaweza kujipangia siku yake mara moja, na utaratibu huo ukamfaa kila mwaka.

Aipangeje? Aamke saa kumi alfajiri, si saa kumi na moja na robo akimeza vitu kwa pupa. Huku hakuna haja ya kutafuta vyakula vya gharama. Ugali wa wimbi, kunde au mrenda, viazi vitamu, nduma na ndizi hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Maji ayagawe tangu kufuturu hadi kulala, kwa maana lita mbili zinazonywewa kwa pamoja wakati wa daku huishia msalani kabla ya jua kuchomoza. Na mpenzi wa chai ya rangi aanze kuipunguza wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Maumivu ya kichwa ya siku za kwanza mara nyingi ni ya chai, wala si ya njaa.

Kazi nzito, kama kulima au kupasua kuni, ifanywe asubuhi. Mwanafunzi naye alisome somo gumu mara tu baada ya sala ya alfajiri, kichwa kikiwa chepesi, badala ya kurudi kitandani na kulisukuma hadi saa tisa mchana, wakati herufi zinaanza kucheza.

Kuna jaribu jingine la Uluhyani. Ukiingia nyumba ya mtu, hasa penye matanga, utaandaliwa, na kukataa chakula ni kama kumkataa mwenyeji. Jibu kali lenye uso wa kununa huharibu saumu yenyewe na ujirani pia. Sema kwa upole kwamba umefunga. Wataelewa. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, na majirani Wakatoliki nao walikuwa katika mfungo wao.

Nami nina neno kwa akina baba. Wapo wanaojisifu kwa kufunga siku zote, lakini saa kumi na moja jioni hasira zao zinawakimbiza watoto hadi uwanjani. Mama pia amefunga. Tangu saa tisa usiku yuko jikoni akipuliza kuni zilizolowa mvua, na jioni anarudi pale pale. Kama ni mjamzito, ananyonyesha au anaumwa, dini imempa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asionewe haya wala kusutwa. Mtoto mdogo anayetaka kuiga wakubwa afunge hadi adhuhuri, apongezwe, apewe uji.

Na vyombo vya daku, baba, si lazima vimngoje mama hadi kuche.