Fahamu: Bendeji inayopima kidonda na kukitibu

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, ambacho aghalabu hukaa miezi bila kufunga, hana budi kufunguliwa bendeji mara kwa mara ili muuguzi akitazame, na kila ifunguliwapo huweza kubandua ngozi changa iliyokwisha kuanza kuota. Adha hiyo iliwashughulisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwemo Zhenan Bao, hata mwaka 2022 wakatangaza bendeji yenye tabaka la elektroniki la unene wa mikroni 100 tu, lililokaa juu ya haidrojeli, yaani utando laini wenye maji mengi.

Kihisio kimoja hupima joto, ambalo hushuka uvimbe ukitulia. Cha pili hupima ukinzani wa umeme, ambao huongezeka kadiri kidonda kinavyopona. Dalili zikiwa mbaya, bendeji hupitisha umeme hafifu wa kuihimiza ngozi ifunge. Bendeji ikipashwa joto hadi nyuzi 40 hivi, gundi yake hulegea, nayo hutoka bila kuichubua ngozi. Vidonda vilifunga upesi zaidi kwa asilimia 25 hivi, lakini waliojaribiwa walikuwa panya, na ni dhuluma kumficha mgonjwa jambo hilo.

Vihisio vya kuvaliwa huwafaa pia wagonjwa wanaofanya mazoezi ya viungo, na hapo kanuni ni nyepesi zaidi: goti likikunjwa, uzi upitishao umeme ulioshonwa katika soksi ya goti huvutika, ukinzani wake hubadilika, na tabibu husoma kadiri ya mkunjo hata mgonjwa akiwa nyumbani kwake.