Gitare ya Katanga ilivuka mupaka: nani alikula matunda yake?

Siku hizi nyimbo zinatufikia kupitia Kasindi. Gari ya mizigo inatoka Kampala, shofere ameweka muziki wa Dar es Salaam kwa sauti kubwa, na kisha siku mbili vijana wa moto wa Beni na wa Butembo wanauimba mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana wengi wetu tunafikiri kwamba muziki wa Kiswahili kwao ni Tanzania na Kenya, na sisi huku Kongo tunapokea tu. Kumbe kuko wakati mambo yalikuwa kinyume. Vijana wa Nairobi walikuwa wanakaa karibu na redio ili washike namna Mukongomani mumoja anavyocheza gitare, na Mukongomani huyo alikuwa anaimba kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha muji wa machimbo.

Jina lake ni Mwenda Jean-Bosco. Wengine walimwita Mwenda wa Bayeke. Habari yake inafanana sana na ya watu weusi wa Marekani na Waingereza, kwa hiyo tuanze kwanza kule mbali.

Kusini mwa Marekani, katika jimbo la Mississippi, wajukuu wa watumwa walikuwa wanalima pamba ya wengine na kuimba shida zao kwa gitare. Muziki huo unaitwa bluzi. Katika mwaka wa 1941, muzungu mumoja, Alan Lomax, alifika kwenye shamba la Stovall na mashine ya kurekodi sauti. Akarekodi kijana mulimaji aliyejulikana kwa jina la Muddy Waters. Miaka miwili nyuma, Muddy Waters aliacha pamba, akapanda treni mpaka Chicago, akatafuta kazi muji, akaanza kucheza gitare ya umeme kwa sababu kwenye baa watu walikuwa wanapiga kelele sana na gitare ya kawaida haikusikika. Sahani zake zilivuka bahari. Vijana wa Uingereza wakazinunua, wakazisikiliza hata mara mia, wakaiga kila kidole. Kundi moja lililoanza 1962 lilichukua hata jina lake kutoka kwenye wimbo wake: Rolling Stones. Mwisho wa mwaka wa 1964, vijana hao walishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wimbo uliotungwa na mutu mweusi wa Chicago, Willie Dixon. Halafu walirudisha muziki huo Marekani, na Wamarekani wazungu wengi wakaona kama wameletewa kitu kipya. Kilikuwa kinapigwa miaka yote hiyo kwenye vitongoji vya muji wao wenyewe.

Sasa turudi kwetu.

Shaba ndiyo ilileta gitare ya Katanga. Kampuni ya Union Minière ilihitaji wafanyakazi wengi, ikawachukua Katanga kwenyewe, Kasaï, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Watu wa makabila hayo yote walikaa kambi moja, wakahitaji luga moja, na Kiswahili kikawa luga hiyo. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa mushahara, na kwa mushahara kijana aliweza kununua gitare. Ukiangalia vizuri, ni kama Chicago: kazi inavuta watu, watu wanaleta nyimbo za kijijini, na muji unazibadilisha.

Mwenda alizaliwa 1930 Bunkeya, kule kwa Bayeke. Katika mwaka wa 1952 alikuwa Jadotville, muji ambao leo tunauita Likasi. Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alimusikia anacheza njiani. Wakati huo Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22, ambaye nje ya Katanga hakuna aliyemujua. Tracey akarekodi wimbo wenye jina « Masanga ».

Mutu ambaye hajashika gitare anaweza kujiuliza kuna nini ndani yake. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mukono wa kuume. Kidole gumba kinacheza nyuzi nene za juu, kinapiga bila kuchoka, kama mutu anayetwanga. Kidole cha pili kinacheza nyuzi nyembamba za chini, na hicho hakifuati gumba: kinaingia kati ya mapigo yake, kinachelewa kidogo, kinarudi. Usikilizaji wako unadanganyika, unafikiri kuko watu wawili au watatu wanacheza. Aliyezoea ngoma za kijijini, ambapo kila mupigaji ana mupigo wake na yote yanakutana, anaelewa mara moja Mwenda alitoa wapi fikra hiyo. Alihamisha ngoma nzima ndani ya nyuzi sita. Na kando yake mara nyingi kulikuwa mutu anayegonga chupa ya limonade kwa kitu cha chuma ili kushika wakati. Ngoma yote iliishia kwenye chupa hiyo, na kwa kweli haikuhitaji zaidi.

David Rycroft, mutaalamu wa muziki, aliandika nota zote za uchezaji huo mwanzoni mwa miaka ya 60, na ilimuomba kazi ya kurasa nyingi.

Rekodi za Mwenda zilitoka kwenye sahani za Gallotone, jina la kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini. Sahani hizo zilienea Rhodesia, Tanganyika, Uganda, Kenya. Na hapa Kiswahili kilifanya kazi kubwa. Rumba ya Léopoldville ilikuwa inaimbwa kwa Lingala, watu wa Nairobi walicheza bila kuelewa maneno. Mwenda waliweza kumufuata, ijapokuwa Kiswahili chake kiliwachekesha watu wa pwani. (Mpaka leo bado kinawachekesha. Mutu wa Butembo aliyefika Mombasa anajua.)

Mwaka wa 1959 Mwenda alifika Nairobi mwenyewe. Alikaa miezi kama sita, akasikika kwenye redio, akaimba hata matangazo ya Aspro, zile dawa za kichwa. Ndugu yake Edouard Masengo alienda pia kule, naye akaimba matangazo na akakaa muda murefu zaidi. Fikiria jambo hilo: gitare ya kambi za shaba inauza dawa katika muji mukubwa wa Kenya! Lakini ndivyo muziki ulivyoingia masikioni, kila siku, bila mutu kununua sahani.

Wakenya hawakuiga tu. Upande wa magharibi, kwa Waluhya, kulitokea mutindo unaoitwa omutibo, na George Mukabi, aliyekufa 1963, ndiye jina lake kubwa. Ukimusikiliza unasikia vidole viwili na chupa, lakini mwendo ni wa ngoma za kwao. Wajaluo nao walitengeneza benga: gitare inaruka kama nyatiti, kinanda chao cha nyuzi nane, huku ikibeba mambo mengi ya Wakongomani. Ni kama vijana wa Kiingereza na bluzi. Walioanza kwa kuiga, kisha miaka michache walikuwa na kitu chao.

Kabla hatujajivuna sana, tukumbuke kwamba sisi pia tulipokea. Kuanzia miaka ya 1930, kampuni ya Kiingereza iliuza Afrika sahani za muziki wa Cuba zilizoitwa GV. Wakongomani walipozisikia walitambua kitu cha nyumbani, na si ajabu: watu waliouzwa kutoka pwani ya Kongo walikuwa wamebeba ngoma zao mpaka visiwa vile. Kutoka hapo ilitokea rumba ya Wendo, ya Kabasele, ya Franco. Unesco iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, kwa jina la Kongo zote mbili.

Wimbi la pili lilienda na gitare za umeme. Miaka ya 70, Zaire ilikuwa na wanamuziki wengi na pesa kidogo, na orkestra zikaanza kuhama upande wa mashariki. Super Mazembe walifika Kenya 1974. Baba Gaston alifika Nairobi mwaka uliofuata, na mwaka wa 1976 sehemu ya wanamuziki wake walimuacha wakaanzisha Les Mangelepa. Samba Mapangala, muzaliwa wa Matadi, alipitia Uganda, akaingia Nairobi 1977, na orkestra yake akaipa jina la volkano zetu: Virunga. Watu wa London walinunua sahani ya Virunga bila kujua mulima huo uko upande gani.

Lakini kwa sisi wa mashariki, mutu wa kutazama ni Remmy Ongala. Alizaliwa 1947 upande wa Kindu, Maniema. Alipiga muziki Kisangani, akapita Uganda, na mwaka wa 1978 akafika Dar es Salaam kuingia katika Orchestra Makassy. Baadaye alikuwa na Super Matimila. Aliimba habari ya masikini, ya kifo, ya ukimwi, kwa Kiswahili kilichokuwa kimekuwa cha Tanzania, na Watanzania walimuita Doktori. Katika 1988 alicheza kwenye tamasha la WOMAD Uingereza, na 1989 alirekodi kwa Real World, kampuni ya muimbaji Mwingereza Peter Gabriel. Alikufa Dar es Salaam Desemba 2010, na kule wanamuhesabu kama wao. Sina ubishi juu ya hilo. Wao ndio walimupa nafasi.

Mwenda naye alifika mbali. Mwaka wa 1969 alicheza kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwingereza John Low, mupigaji wa gitare, alisafiri mpaka Shaba kumutafuta ili ajifunze kwake, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka 1982. Hapo unaona mambo yamegeuka kabisa: Mwingereza anakaa mbele ya Mukongomani kama mwanafunzi. Mwenda alikufa katika ajali ya gari Zambia, Septemba 1990.

Sasa tuongee juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo panauma.

Zamani kampuni nyingi zililipa mwanamuziki mara moja, siku ya kurekodi, basi. Kampuni hiyohiyo ya Gallo ilirekodi Solomon Linda, Muzulu, mwaka wa 1939. Wimbo wake ulizunguka dunia, ukaingia hata katika filme ya simba ambayo watoto wetu wanaijua, lakini Linda alikufa 1962 akiwa masikini, kwa sababu haki zake zilikuwa zimeuzwa kwa shilingi kumi. Familia yake ilipata makubaliano mwaka wa 2006 tu, baada ya kwenda tribinali. Kule Marekani, Willie Dixon alishitaki kundi la Kiingereza Led Zeppelin kwa sababu wimbo wao mukubwa ulitumia maneno yake, na 1987 walipatana, akalipwa. Dixon alishinda kwa sababu moja: jina lake lilikuwa limeandikwa kama mutunzi kabla ya wao kuugusa wimbo.

Kwetu sheria iko. Ni ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi. Shirika la kukusanya pesa hizo lilikuwa SONECA tangu 1969, na tangu 2011 ni SOCODA. Lakini angalia namna wimbo unavyotembea Butembo. Kijana anatunga kwa Kinande au kwa Kiswahili, analipa studio, anapeleka wimbo kwenye redio, na kwenye vibanda vya kukopi nyimbo kijana mwingine anauweka kwenye kadi ya simu kwa franga kidogo. Kisha wiki mbili wimbo uko Bunagana, uko Bwera, na faili inaitwa « Track 03 ». Mutunzi hajapata kitu, na hata jina lake halikusafiri na wimbo.

Sisi wa redio tunahusika pia. Tunacheza wimbo bila kutaja aliyeutunga, au tunataja muimbaji tu. Mwanamuziki anayeleta wimbo wake alete na karatasi: jina la mutunzi wa maneno, jina la aliyetengeneza muziki, tarehe, na sahihi ya wote waliofanya kazi studio. Aandike majina hayo ndani ya faili yenyewe, abakize kopi moja nyumbani, na aulize ofisi ya SOCODA iliyo karibu naye namna ya kujiandikisha. Kazi hiyo ni ya saa moja. Mwenye kuifanya baada ya wimbo kufika Kampala amechelewa.