Daftari la Nasaba Sitini

Usiku wa tarehe 9 Agosti, 2001, Rais George W. Bush wa Marekani alilihutubia taifa lake kutoka shambani kwake Crawford, katika jimbo la Texas, akatangaza kwamba fedha za serikali kuu zitaweza kugharimia uchunguzi wa seli shina za viinitete vya binadamu, lakini kwa sharti kwamba seli hizo ziwe zimekwisha kutolewa katika viinitete vyao kabla ya saa tatu za usiku huo, kwa saa za Washington, ili hazina ya umma isije ikawa sababu ya kuharibiwa kiinitete kingine hata kimoja. Nasaba za seli zilizotimiza sharti hilo, alisema, zilikuwa zaidi ya 60 duniani, na wengi waliomsikiliza walidhani kwamba wataalamu wamekwisha kupata riziki yao.

Yai lililotungishwa hugawanyika mara kwa mara, na ifikapo siku ya tano huwa kijitufe cha seli takriban mia, ambacho ndani yake mna fungu dogo la seli ambazo bado hazijawa damu, wala moyo, wala ubongo, bali zina uwezo wa kuwa chochote katika hivyo. Fungu hilo likitolewa, kiinitete hakiishi tena, na hapo ndipo penye mzozo wa dini na dhamiri. Lakini seli zenyewe, zikitunzwa ipasavyo, huzaana miaka na miaka pasipo kupoteza uwezo wao, na kizazi chote kitokacho katika kiinitete kimoja ndicho kiitwacho nasaba. Wa kwanza kutangaza kufaulu katika kazi hiyo, mwaka 1998, alikuwa James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, aliyetumia viinitete vya matibabu ya utasa vilivyotolewa kwa hiari na wenyewe, akapata nasaba tano, ambazo miongoni mwake H1 na H9 zingali zikitumika maabarani hadi leo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, mali ndiyo iliyokosekana. Orodha ya serikali ilifika hesabu ya 78, ilhali zilizoweza kuagizwa na mtafiti zikamfikia hazikuzidi sana 20, kwa maana nyingine zilikuwa zimegandishwa tu bila kujaribiwa, nyingine zilikataa kukua, na nyingine zilikuwa mikononi mwa watu wasiotaka au wasioweza kuzitoa. Hata za Wisconsin zilikuwa chini ya hataza, na gharama ya kuipata nasaba moja, kabla ya kupunguzwa baadaye, ilikuwa dola 5,000.

Na aliyezipata alikuwa ndiyo kwanza ameanza taabu. Kichupa kilichohifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, penye baridi inayokaribia nyuzi 196 chini ya sifuri, huyeyushwa upesi katika maji ya vuguvugu, kisha seli humiminwa juu ya tandiko la seli za panya, zikabadilishiwa chakula kila siku, huku mtunzaji akichungulia katika hadubini na kuyaondoa mafungu ambayo kingo zake zimefifia, maana hiyo ni dalili kwamba yameanza kugeuka kuwa kitu kingine. Tandiko hilo la panya nalo lilileta matata, kwani mwaka 2005 wachunguzi wa California walibainisha kuwa nasaba zilizokuzwa hivyo hubeba sukari isiyo ya kibinadamu, ambayo kinga ya mgonjwa ingeweza kuishambulia.

Waliochoka kungoja walitafuta njia nyingine. Douglas Melton wa Harvard alitoa nasaba mpya 17 mwaka 2004 kwa fedha zisizo za serikali kuu, akazigawa kwa watafiti wenzake. Na mwaka huo huo wapiga kura wa California waliidhinisha dola bilioni tatu kwa kazi hiyo. Uingereza ilishika mwendo wa utulivu zaidi, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 1990, iliyopanuliwa mwaka 2001, iliruhusu uchunguzi kwa leseni na kwa kiinitete kisichozidi siku 14, na kila apewaye leseni ya kutoa nasaba alilazimika kuweka sehemu yake katika benki ya taifa ya seli shina iliyopo Potters Bar, ambako hupimwa, huandikwa, na kutolewa kwa wenye idhini.

Rais Barack Obama aliliondoa sharti la Bush mwezi Machi 2009, na nasaba 13 za kwanza zikapitishwa tarehe 2 Desemba mwaka huo, baada ya kuthibitishwa kwamba waliotoa viinitete waliridhia kwa maandishi. Leo orodha ya Marekani ina mamia. Shinya Yamanaka wa Japani alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 2007, kwamba hata seli za ngozi ya mtu mzima zaweza kurejeshwa katika hali inayofanana na ya seli za viinitete, lakini nasaba za viinitete zimebaki kuwa mizani ya kuzipimia hizo mpya.

Kuruhusu au kukataza ni hukumu ambayo kila taifa litaitoa kwa imani na sheria zake. Ila taifa likisha kuruhusu, haliwezi kutosheka na tangazo la idadi, bali linawajibika kusema nani atazitunza nasaba hizo, nani atazipima, na kwa bei gani zitamfikia mtafiti asiye na fedha nyingi.