Fidia ya ajali Katavi: Haki ipo, muda ni miaka mitatu

MAJERUHI wa ajali za magari mjini Mpanda na kwingineko mkoani Katavi hubeba gharama za matibabu kabla ya kupata fidia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari kukata bima inayomlinda mtu wa tatu, akiwamo mtembea kwa miguu.

Fomu ya polisi, PF3, hutolewa bure. Stakabadhi za hospitali hazina budi kutunzwa, kwani ndizo ushahidi wa gharama.

Malipo yakikwama, majeruhi hufungua shauri mahakamani dhidi ya aliyesababisha ajali. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa miaka mitatu. Anayesubiri ahadi za dereva hadi muda huo upite, anaweza kuipoteza haki yake.