Chai moja, koo mbili na jina la chuma

MTOTO wa Anxi akiuliza chai ya kwao ilipataje jina lake, mzazi ana hadithi mbili za kuchagua, na mara nyingi ukoo ndio huamua. Anxi ni wilaya ya milima katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, na chai hiyo huitwa Tieguanyin. "Tie" ni chuma. Guanyin ni yule ambaye Wabudha wa China humheshimu kwa huruma yake na kumkimbilia wakati wa shida.

Ukoo wa Wei husimulia habari za mkulima wa karne ya 18, Wei Yin, ambaye kila asubuhi aliweka vikombe vitatu vya chai mbele ya sanamu ya Guanyin. Usiku mmoja aliota mti wa chai uliomea katika ufa wa mwamba, ukinukia kama ua. Kulipokucha akapanda mlimani, akaukuta kweli, akaja kuupanda nyumbani ndani ya sufuria kuukuu za chuma. Basi chuma ni sufuria, na Guanyin ni shukrani.

Ukoo wa Wang haukubali. Kwao, aliyeugundua ni msomi Wang Shirang, mwaka 1736, karibu na chumba chake cha kusomea. Mwaka 1741 alikwenda Beijing, akampa chai hiyo ofisa Fang Bao, naye akaifikisha kwa Mfalme Qianlong. Inasemwa kwamba mfalme aliona majani mazito na meusi kama chuma, akaipa jina.

Huu si ubishi wa kupitisha jioni. Koo zote mbili bado zipo katika mji mdogo wa Xiping, zinatengeneza chai na kuiuza, na kila upande una mti wake unaouita mama. Kuwa wa kwanza ni heshima, na ni soko pia. Cha kuchekesha ni kwamba Tieguanyin hukuzwa kwa vipandikizi vya matawi, si kwa mbegu, kwa hiyo miti ya pande zote mbili ni ndugu wa damu.

Kuhusu kazi hakuna anayebishana. Majani huanikwa juani, kisha hutikiswa ndani ya matenga ya mianzi hadi kingo zichubuke, yakapumzishwa, yakatikiswa tena, mara nyingi hadi usiku wa manane. Kingo hugeuka nyekundu, katikati hubaki kijani: ndiyo maana chai hii haihesabiwi kuwa ya kijani wala nyeusi. Baadaye hukaangwa, hufungwa kwenye kitambaa na kuviringishwa mpaka kila jani liwe punje nzito. Haitiwi maziwa wala sukari, na majani yale yale humiminiwa maji moto mara kadhaa.

Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa chai wa China, ule wa Anxi ukiwemo, katika orodha ya urithi wa binadamu. Swali la nani alianza halikuguswa. Hilo bado wanalijibu akina Wei na akina Wang, kila mmoja nyumbani kwake.